Maswali ya Wasomaji: Je, Mwalimu Analipwa Anachostahili?

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu ualimu na ujira wake. Tumechagua nne, tukazifupisha bila kugusa hoja za walioziandika.

Swali: Ndugu Mhariri, nafundisha hisabati katika shule ya sekondari. Kwenye kila hadhara viongozi hutuita walezi wa taifa, na wazazi hukiri kwamba bila sisi watoto wao wasingefika popote. Hata hivyo, wenzangu niliohitimu nao chuo kikuu kwa shahada ya daraja lile lile, wakaajiriwa kwenye mabenki na kampuni za bima, wamenipita kwa mshahara tangu mwaka wa kwanza, na pengo linazidi kupanuka. Nikilalamika naambiwa kwamba ualimu ni wito. Je, jamii inatuthamini kweli, au inatubembeleza kwa sifa kwa kuwa haina nia ya kutulipa? Mkono mtupu haulambwi. — *Mwalimu wa Hisabati*

Jibu: Mwalimu, umeuliza mambo mawili kwa pamoja, nami nitayatenganisha kwa sababu majibu yake hayafanani.

Kuhusu mshahara, kipimo kipo na ni cha zamani. Tarehe 5 Oktoba 1966, mkutano wa serikali mbalimbali uliofanyika Paris ulipitisha Pendekezo kuhusu Hadhi ya Walimu, lililoandaliwa na UNESCO pamoja na Shirika la Kazi Duniani. Ndiyo maana Siku ya Walimu Duniani, inayoadhimishwa tangu 1994, huangukia tarehe hiyo. Aya ya 115 ya waraka huo inataka mshahara wa mwalimu uendane na umuhimu wa kazi yake kwa jamii, usiwe duni ukilinganishwa na wa kazi nyingine zinazodai elimu ya kiwango hicho hicho, na umwezeshe yeye na familia yake kuishi maisha ya staha. Aya ya 122 inaongeza jambo ambalo wengi hawalijui: kwamba safari ya kutoka ngazi ya chini kabisa ya mshahara hadi ya juu isichukue zaidi ya miaka 10 hadi 15. Pendekezo si mkataba, kwa hiyo hakuna serikali inayoweza kubanwa kisheria kwa kulipuuza, lakini serikali ndizo zilizolipitisha, na ni haki kuzipima kwalo.

Tukilitumia, hesabu haiwapendelei walimu. Hata katika nchi za OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi ambalo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, ambako takwimu za mishahara hukusanywa kila mwaka, mwalimu wa kawaida hupata pungufu ya mfanyakazi mwingine mwenye elimu ya chuo kikuu, na pengo hilo huwa kubwa zaidi kwa wanaofundisha watoto wadogo. Wewe una hasara ya ziada. Mishahara ya walimu kwa kawaida hupangwa kwa jedwali moja lisilotazama somo, ilhali soko la nje hutazama sana: anayejua hisabati hugombaniwa na mabenki, wakati mwenzako wa historia, aliye kwenye ngazi ile ile, hana waajiri wengi wa namna hiyo wanaomvizia. Shule zinazolalamika kwamba hazipati walimu wa hisabati na fizikia zinavuna matokeo ya jedwali hilo.

Kwa nini sifa zote zile hazigeuki kuwa mshahara? Naona sababu ya kwanza ni wingi wenu. Mishahara ndiyo sehemu kubwa kuliko zote katika bajeti ya elimu ya karibu kila nchi, kiasi kwamba nyongeza ambayo mwalimu mmoja haioni hata mfukoni mwake huwa mlima kwa waziri wa fedha anayeizidisha kwa maelfu kwa maelfu. Sababu ya pili ilifafanuliwa miaka ya 1960 na mwanauchumi William Baumol: ziko kazi ambazo mashine haziwezi kuziongezea kasi. Kiwanda kinaweza kutengeneza bidhaa mara kumi zaidi ya kilivyofanya zamani kwa wafanyakazi wale wale, lakini kumfundisha mtoto kusoma kunahitaji muda ule ule na uvumilivu ule ule, kwa hiyo elimu huonekana ghali zaidi kila mwaka ingawa haijaharibika chochote, na anayetafuta pa kubana matumizi huanza na mshahara wa anayeifanya. Kisha matunda ya kazi hii huonekana baada ya miaka 15 au 20, wakati waliopanga bajeti wamekwisha kustaafu, na serikali, ambayo mara nyingi ndiyo mwajiri pekee wa maana, inajua kwamba mwalimu hana pengi pa kukimbilia.

Iko sababu nyingine isiyosemwa sana. Duniani kote, takriban theluthi mbili ya walimu wa shule za msingi ni wanawake, na katika nchi nyingi waliajiriwa kwa wingi hapo mwanzo kwa sababu walikubali, au walilazimika kukubali, ujira mdogo kuliko wa wanaume. Nchini Uingereza walimu wanawake walilipwa chini ya wanaume kwa kazi ile ile mpaka 1961, usawa ulipokamilishwa hatua kwa hatua. Kazi iliyozoeleka kuwa ya ujira mdogo kwa kizazi kizima haipandi bei kwa sababu tu sheria imebadilika.

Sasa kuhusu kuthaminiwa. Katika uchunguzi wa OECD wa mwaka 2018 uitwao TALIS, walimu wa madarasa ya chini ya sekondari waliulizwa kama kazi yao inathaminiwa na jamii. Kwa wastani wa nchi za OECD ni asilimia 26 tu waliokubali. Ufaransa hawakufika hata mmoja kati ya kumi, Finland walivuka nusu, na Vietnam, ambayo si nchi tajiri, takriban wote walikubali. Tofauti hiyo haielezeki kwa mshahara pekee, kwa maana mwalimu wa Vietnam halipwi zaidi ya yule wa Ufaransa. Heshima ina chanzo chake, na fedha ina chanzo chake. Ndiyo maana jamii inaweza kutoa mojawapo na kuinyima nyingine, na nyingi huchagua ile isiyo na gharama.

Kwa sababu hiyo siafiki hoja ya wito inapotumika mezani pa majadiliano ya mishahara. Daktari naye ana wito, jaji anao, rubani mwema anao, na hakuna anayewaambia wapunguziwe kwa ajili hiyo. Katika uchunguzi huo huo, walimu 9 kati ya 10 walisema kwamba kwa ujumla wanaridhika na kazi yao, lakini waliosema wanaridhika na mshahara walikuwa asilimia 39. Mapenzi ya kazi yapo, na mwajiri anayafahamu vizuri kiasi cha kuyahesabu kama sehemu ya malipo.

Swali: Mimi ni mzazi na mlipa kodi. Nawaheshimu walimu, lakini nauliza kwa nia njema: watu wenye likizo ndefu kiasi hicho, wanaotoka kazini mapema kuliko sisi, wanadai nyongeza kwa msingi gani? Na je, kuna ushahidi kwamba wakilipwa zaidi, mwanangu atajifunza zaidi? — *Mzazi*

Jibu: Ndugu mzazi, likizo ni faida ya kweli, pamoja na usalama wa ajira na pensheni pale vinapokuwepo, na mwalimu anayelinganisha mshahara wake na wa benki bila kuyahesabu hayo anajipunguzia hoja. Ila saa ulizozihesabu ni zile ambazo mwanao yuko darasani. Walimu waliochunguzwa mwaka 2018 walisema wanafanya kazi kwa wastani wa saa zisizopungua sana 40 kwa wiki, na takriban nusu tu ya hizo ndizo za kufundisha. Zinazobaki ni za maandalio ya masomo, kusahihisha madaftari, vikao, kujaza fomu, na kuzungumza na wazazi kama wewe.

Swali lako la pili ni gumu zaidi, na watetezi wa walimu hulikwepa mara nyingi. Indonesia ilipitisha sheria mwaka 2005 iliyowezesha mwalimu aliyepata cheti cha ithibati kulipwa mara mbili ya mshahara wake wa msingi. Watafiti walipanga kwa bahati nasibu shule ambazo walimu wake wangepata nyongeza hiyo mapema, wakazilinganisha na nyingine, na matokeo yao yalichapishwa 2018. Walimu waliopandishiwa mshahara walifurahi zaidi, walipunguza vibarua vya pembeni na hawakuhangaishwa na fedha kama awali. Baada ya miaka miwili hadi mitatu, alama za wanafunzi wao hazikuwa zimebadilika hata kidogo.

Wapo wanaousoma utafiti huo kama hati ya kufunga mjadala. Mimi nausoma hivi: nyongeza iliwafikia watu wale wale, waliokwisha kuajiriwa, bila sharti lolote jipya la ufundishaji, na mtu hawi fundi zaidi usiku mmoja kwa sababu akaunti yake imejaa. Kazi kubwa ya mshahara mzuri ni kuamua nani ataingia katika ualimu kesho na nani hataondoka baada ya miaka mitano, na hilo halipimwi kwa miaka mitatu. Wachumi Peter Dolton na Oscar Marcenaro-Gutierrez, walipolinganisha nchi 39 katika utafiti uliotoka 2011, waliona kwamba mahali walimu wanapolipwa vizuri wakilinganishwa na wananchi wenzao, wanafunzi huelekea kufanya vizuri zaidi. Kulinganisha nchi na nchi hakuthibitishi chanzo, lakini kunaelekea upande huo.

Na aina ya mwalimu ina uzito. Raj Chetty na wenzake wawili walifuatilia nchini Marekani kumbukumbu za watoto zaidi ya milioni moja hadi utu uzimani, na katika makala walizochapisha 2014 walionyesha kwamba waliopata mwalimu hodari walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kufika chuoni na walipata kipato kikubwa zaidi walipoanza kazi. Kwa hiyo unachopaswa kudai, pamoja na nyongeza, ni mlango mwembamba wa kuingilia ualimu. Finland tangu miaka ya 1970 ilipeleka mafunzo ya ualimu vyuo vikuu na kudai shahada ya uzamili. Mishahara yake si ya kushangaza, lakini waombaji wa ualimu wa shule ya msingi ni wengi kuliko nafasi mara kadhaa. Nchi zinazofanya kinyume, yaani kushusha sifa za kujiunga kila upungufu unapotokea na kuziba nafasi kwa walimu wa mkataba wanaolipwa sehemu tu ya mshahara wa kawaida, huokoa fedha za mwaka mmoja na kuufundisha umma kwamba yeyote anaweza kushika chaki. UNESCO inakadiria kwamba dunia itahitaji walimu wapya milioni 44 wa shule za msingi na sekondari kufikia 2030, na zaidi ya nusu yao ni wa kuchukua nafasi za wanaoacha kazi. Mlipa kodi anagharamia mafunzo ya watu hao wanaoondoka, kisha anagharamia ya wanaowafuata.

Swali: Kwa nini tusimlipe mwalimu kulingana na matokeo ya mitihani? Anayefaulisha apate zaidi, na asiyefaulisha apate kidogo. — *Mfanyabiashara*

Jibu: Ilijaribiwa. Uingereza iliweka utaratibu huo mwaka 1862: ruzuku ya shule ilitegemea mahudhurio na majibu ya mtoto mmoja mmoja mbele ya mkaguzi katika kusoma, kuandika na hesabu. Walimu walifanya kile ambacho mtu yeyote angefanya. Watoto walikaririshwa kitabu kimoja mpaka wakaweza kukisoma bila kukitazama, na masomo yasiyolipiwa yakawekwa kando. Mshairi Matthew Arnold, aliyekuwa mkaguzi wa shule, aliupinga kwa miaka mingi, na utaratibu ukaachwa katika miaka ya 1890. Mipango ya siku hizi ni ya werevu zaidi, na baadhi imeleta nafuu, lakini ningeanza na sharti la aya ya 124 ya Pendekezo la 1966, kwamba upimaji unaogusa mshahara usianzishwe kabla vyama vya walimu havijashirikishwa na kukubali.

Swali: Nina alama za kutosha kusomea ualimu na ndiyo kazi ninayoitaka, ila baba anasema nitakuwa nimejitupa. Nifanyeje? — *Mhitimu*

Jibu: Mwanangu, baba yako amejibu bila kujua swali ambalo watafiti wa hadhi ya walimu huwauliza wazazi: je, ungemhimiza mtoto wako awe mwalimu? Naliona kuwa kipimo cha kweli kuliko hotuba zote, na usimlaumu kwa jibu lake, kwa sababu analisoma soko kama lilivyo. Msikilize, kisha mpelekee taarifa badala ya machozi. Waulize walimu walioajiriwa miaka mitano iliyopita kama mshahara hufika kwa tarehe yake au hugeuka malimbikizo, nyongeza ya mwaka hutolewa yenyewe au husubiri barua, huchukua miaka mingapi kufika kileleni mwa ngazi, na kama anayejiendeleza kimasomo hupandishwa daraja au hupongezwa tu. Ukiona kilele kiko mbali kuliko miaka 15, chagua somo linalohitajika pia nje ya shule, ili siku ukitaka kuondoka uwe na pa kwenda, na mwajiri wako alijue hilo.