Snorlax wako anakufa mapema kwa sababu umemjaza HP

Juzi usiku iliingia meseji ya mdogo wangu mmoja anayenifuatilia hapa, naye anacheza Pokémon Showdown, mchezo wa kupambanisha wanyama wa kubuni kama Snorlax: "Kaka, Snorlax nimemwekea 252 kwenye HP na 252 kwenye Attack, lakini mapigo mawili tu chali. Nakosea wapi?" Niliisoma mara mbili. Roho iliniuma, maana huyo ni mimi wa miaka miwili iliyopita, namba kwa namba.

Sote tunaocheza Pokémon Showdown kwenye simu tunajua kilichotuvuta kwa Snorlax. Kilo 460, HP (uhai) ya msingi 160, halafu ile sura ya mtu asiye na haraka na dunia. Tunataka mnyama anayekaa katikati ya uwanja, anapigwa, anarudisha nguvu, anabaki palepale. Tukimwona mnene hivyo tunamwongezea unene. Kosa linaanzia hapo.

Chukua kalamu. Akiwa leveli 100 bila EV yoyote (zile nukta za mazoezi unazomgawia mnyama, kama 252 za mdogo wangu), Snorlax ana HP 461 na Defense (ulinzi) 166. Zile EV 252 zinakupa nukta 63 popote utakapoziweka. Sasa, 63 juu ya 461 ni kama asilimia 14. Juu ya 166 ni asilimia 38! Zidisha HP kwa Defense ujionee: ukijaza HP unapata 524 mara 166, karibu 87,000. Ukijaza Defense unapata 461 mara 229, zaidi ya 105,000. Mnyama yuleyule, EV zilezile, na dhidi ya mapigo ya mwili ni mgumu zaidi kwa sehemu moja ya tano. Mnyama mwingine, Blissey, ndiye anayeonyesha vizuri kuliko wote: HP yake ni 651 hata hujamgusa, lakini Defense ni 56. Mpe 252 inakuwa 119, zaidi ya mara mbili. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa wanyama hawa ufa ni Defense. Toxapex ni kinyume chake, HP ya msingi 50 tu huku ulinzi ukiwa 152 na 142, kwa hiyo yeye mjaze HP.

Wangu nilimjenga hivi: HP 4, Defense 252, Special Defense (ulinzi dhidi ya mapigo yasiyo ya mwili) 252, tabia ya Careful inayoipandisha hiyo Special Defense. Uwezo ni Thick Fat, mkononi Leftovers, mapigo ni Curse (inampandishia Attack na Defense), Rest (analala ili arudishe HP), Sleep Talk (anapiga akiwa usingizini) na Body Slam. HP inasimama kwenye 462, na Leftovers inamrudishia 28 kila zamu. Kwa wiki kadhaa sikufungwa kirahisi. Wenzangu wa kundi letu walianza kumwogopa, na sitaficha, nilijisikia fahari sana.

Ikaja fainali ya mashindano yetu madogo. Nimebaki na Snorlax peke yake, mwenzangu kabaki na Great Tusk. Nina HP 300 na kitu, Curse nimeshapiga mara mbili. Najua Close Combat inakuja. Nilikuwa nimemwekea Tera (kubadili aina ya mnyama katikati ya mechi) ya Ghost, yaani mzimu, mahususi kwa ajili ya siku hiyo, kwani mapigo ya Fighting hayamgusi mzimu. Nikabonyeza Tera, na chini yake nikabonyeza Curse ili Defense ipande tena. Close Combat ikapita hewani kama nilivyopanga. Sekunde moja nilikuwa bingwa.

Kisha nikaona mstari wa kijani unakatika wenyewe. Curse ya mnyama wa aina ya Ghost ni nyingine kabisa: haipandishi Defense wala Attack, inakata nusu ya HP yako mwenyewe ili kumlaani adui. Zikaondoka 231 kwa kidole changu. Zamu iliyofuata Knock Off ikammaliza, maana ni pigo la Dark, na mzimu hauliwezi. Nilikaa na simu mkononi hadi skrini ikazima. Hata leo nikiiona ile rangi ya zambarau ya Tera, moyo unashtuka.

Kilichoniuma zaidi ni kilichoandikwa kwenye kundi baadaye: kwamba anayecheza na wanyama wagumu ni mwoga, na amepata alichostahili. Hapana. Mwaka 2014, Washington, D.C., Sejun Park wa Korea Kusini alitwaa ubingwa wa dunia akiwa na Pachirisu, kijikuchakuro cha kilo 3.9 ambacho hakuna aliyekihesabu. Kazi yake ilikuwa kuita mapigo yaje kwake kwa Follow Me, ayapokee yeye, wenzake wapate nafasi ya kupiga. Kusimama upigwe ili mwenzako apone ni uoga? Kijana yeyote atakayekuambia hivyo, mwache aendelee na mashambulizi yake. Wewe jifunze kusoma mnyama wako. Soma pigo moja moja, neno kwa neno, hata yale unayodhani unayajua. Mimi nilidhani naijua Curse.

Na usingizi uhesabu. Tangu Scarlet na Violet zilipotoka mwaka 2022, Rest ina PP (mara unazoweza kuitumia) 5 za msingi, 8 ukiziongeza hadi mwisho. Zikiisha, ugumu wote umekwisha.

Basi mdogo wangu, zile 252 za HP zipeleke Defense, za Attack zipeleke Special Defense, nguvu ya kupiga italetwa na Curse. Tera weka Fairy: Close Combat na Knock Off zote zinapungua nusu, na Curse inabaki ileile unayoijua. Usibadilishe kitu kingine mpaka umecheza mechi ishirini. Halafu nitumie marudio ya mechi moja uliyofungwa, tuitazame zamu kwa zamu.