Mke ni nesi Mfilipino, mume mzaliwa wa Mombasa: mpange foleni gani ya viza ya Marekani?

SWALI: Wakili, shikamoo. Nakuandikia kutoka Doha. Mke wangu ni nesi, Mfilipino wa Iloilo. Amefaulu NCLEX, mtihani wa leseni ya unesi wa Marekani, na hospitali moja ya huko imekubali kumdhamini kwa viza ya EB-3, ya ukaazi wa kudumu kwa udhamini wa mwajiri. Wakala wa Manila aliyewaunganisha ametuambia mambo matatu: tulipe mshahara wa mwezi mmoja sasa hivi, kabla ya mkataba, foleni ya Wafilipino ni ndefu, hivyo tusubiri tu, na mimi nibaki Doha, nitamfuata mambo yakishatulia. Mimi ni Mkenya, nimezaliwa Mombasa. Mke wangu ana binti wa miaka 19, hajaolewa, anasoma chuo kwao Iloilo. Ushauri huu uko sawa?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Katika hayo matatu, linalonitia wasiwasi zaidi ni hilo la kukuacha nyuma, kwa sababu wewe ndiye unayeweza kuifupisha safari ya familia yako.

Marekani hutenga kila mwaka viza kama 140,000 za ukaazi wa kudumu kwa watu wanaodhaminiwa na waajiri. Kundi la EB-3, ambalo manesi wengi humo, hupata asilimia 28.6 ya hizo, yaani takriban 40,000. Usisahau kwamba mume, mke na watoto nao huhesabiwa humo humo. Nesi mwenye familia ya watu wanne anatumia viza nne. Juu ya hapo kuna sheria kwamba nchi moja isichukue zaidi ya asilimia 7 ya viza za waajiri na za familia zikijumlishwa. Ufilipino inatoa manesi wengi na ina ndugu wengi waliokwisha kuhamia kule wanaowavuta wenzao, kwa hiyo imetengewa safu yake katika Taarifa ya Viza ambayo Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani huitoa kila mwezi. Wenye safu za peke yao ni wachache: China, India, Mexico na Ufilipino. Kenya, Tanzania, Uganda na nchi nyingine karibu zote ziko katika safu ya jumla.

Sasa, safu ya mtu haifuati pasipoti, inafuata mahali alipozaliwa. Na sheria ya uhamiaji ya Marekani inaruhusu mwombaji mkuu ahesabiwe chini ya nchi aliyozaliwa mwenzi wake wa ndoa, mradi wanahamia pamoja. Mke wako amezaliwa Iloilo, wewe umezaliwa Mombasa. Anaweza kuomba ahesabiwe Kenya, akatoka katika safu ya Ufilipino na kuingia safu ya jumla. Binti naye ananufaika, kwani mtoto huweza kufuata nchi ya mzazi. Kinyume chake hakiwezekani: mzazi hawezi kutumia mahali alipozaliwa mtoto.

Fungua Taarifa ya Viza ya mwezi huu, sehemu ya waajiri, mstari wa tatu, mlinganishe safu ya jumla na ya Ufilipino. Kuna miezi tarehe hizo hulingana, na hapo hatua hii haiwapi kitu. Kuna vipindi Ufilipino hubaki nyuma, na hapo mnaokoa muda mwingi. Tarehe hizi husonga mbele, husimama, na mara nyingine hurudi nyuma, hasa mwaka wa fedha wa Marekani unapoelekea kuisha mwezi Septemba. Basi andaeni njia hii mapema hata kama leo safu zinalingana.

Na ndiyo maana nakwambia usikubali kubaki Doha. Mkitumia nchi yako, maofisa huwahesabu nyote wawili kama waombaji wakuu: viza zenu zitolewe pamoja, nanyi muingie Marekani pamoja. Ukimwacha atangulie ili umalizie mkataba wako, mke wako hana tena haki ya kutumia safu ya Kenya. Wakala anayezoea kusafirisha manesi wasio na ndoa za namna hii huenda hajui, au hajali, maana ada yake haipungui mkikaa kwenye foleni.

Hakuna atakayewafanyia hili bila ninyi kuomba. Fomu ambayo mwajiri humdhaminia mke wako, I-140, itaandika kwamba mke wako amezaliwa Ufilipino, na mfumo utamweka huko. Faili likifika Kituo cha Taifa cha Viza, andikeni barua fupi mkiomba ahesabiwe chini ya Kenya, mkiambatanisha cheti chako cha kuzaliwa na cheti cha ndoa. Hakikisheni jina lako na la mji ulipozaliwa yanafanana katika cheti na pasipoti. Ombeni pia mahojiano yenu yawe ubalozi mmoja. Wewe utahitaji cheti cha tabia njema cha Kenya na kile cha polisi wa Qatar. Yeye atahitaji cha Qatar na cha NBI, idara ya upelelezi ya kwao Ufilipino.

Kwa msomaji mwingine ambaye si Mkenya: tangu Juni 2025 Marekani imekuwa ikitoa amri za kuzuia au kubana raia wa nchi kadhaa, na Burundi ilikuwamo katika orodha ya kwanza. Amri hizo hutazama uraia, wala si mahali pa kuzaliwa, na orodha hubadilika. Angalieni kabla ya kulipa chochote.

Binti wa miaka 19 ndiye mwenye haraka. Mtoto hufuata viza ya mzazi akiwa hajafikisha miaka 21 na hajaoa wala kuolewa. Sheria ya mwaka 2002 ya kulinda umri wa watoto husaidia kidogo: siku viza inapopatikana, unachukua umri wake na kutoa muda wote ambao I-140 ilikaa mezani ikisubiri uamuzi. Tuseme siku hiyo ana miaka 21 na miezi 5, na I-140 ilikaa miezi 8. Umri wake wa kisheria ni miaka 20 na miezi 9, bado ni mtoto. Ila lazima aombe ndani ya mwaka mmoja tangu viza ipatikane. Hapa kuna jambo ambalo waajiri wengi hawalifikirii: kuna huduma ya kulipia ili I-140 ijibiwe ndani ya siku 15 za kazi. Inapendeza kusikia, lakini kama foleni bado ni ndefu, jibu la haraka linampunguzia binti miezi ya kutolewa kwenye umri wake. Mwambieni wakili wa hospitali kuhusu binti kabla hajalipia huduma hiyo. Kinachostahili haraka ni kuifikisha I-140 yenyewe, kwa sababu kwa manesi tarehe ya foleni huanza siku inapopokelewa. Manesi na wataalamu wa tiba ya viungo wamo katika orodha iitwayo Schedule A, hivyo mwajiri haanzi kwa kutangaza nafasi ili kuthibitisha kwamba Wamarekani hawapatikani.

Kuhusu mshahara wa mwezi mmoja: msilipe. Kanuni za Ufilipino, zinazosimamiwa sasa na Idara ya Wafanyakazi Wahamiaji iliyoundwa kwa sheria ya Desemba 2021, zinaweka kikomo cha ada ya wakala kuwa mshahara wa mwezi mmoja, na hata pale inaporuhusiwa hudaiwa baada ya mkataba kusainiwa, kwa risiti rasmi. Kudai kabla ya mkataba ni kosa. Kwa upande wa Marekani, gharama za maombi ya kibali cha kazi, pamoja na wakili wa mwajiri katika hatua hiyo, ni za mwajiri. Jina la wakala litafuteni katika orodha ya wenye leseni kwenye tovuti ya Idara hiyo. Akitaka pesa ziende kwenye simu au akaunti ya mtu binafsi, achaneni naye na muiandikie hospitali moja kwa moja.

Mkataba wenyewe usomeni mara mbili, hasa faini ya kuacha kazi mapema. Mwaka 2019 mahakama ya shirikisho New York iliamua kesi ya manesi wa Kifilipino zaidi ya 200, ikasema faini ya dola 25,000 waliyowekewa haitekelezeki na inakiuka sheria ya kuwalinda watu dhidi ya usafirishaji haramu. Kifungu cha namna hiyo mkikiona, kitolewe kabla ya saini. Ni rahisi kukiondoa leo kuliko kukipinga mkiwa mmeshafika.

Mwisho, njia ya kutokea. Viza ya EB-3 ni ya uhamiaji, kwa hiyo binti akitokea Manila atajisajili na Tume ya Wafilipino Walio Ng'ambo na kuhudhuria semina yake. Cheti cha OEC, kibali cha kutoka nchini cha mfanyakazi wa ng'ambo, ambacho mama yake amezoea kukichukua akirudi Doha hakihusiki naye. Mke wako naye akipitia nyumbani kuaga, atafuata utaratibu huo huo wa Tume akiwa na viza mkononi. Mkitoka Doha moja kwa moja, hamtapita mbele ya maofisa wa Manila. Wewe na yeye pandeni ndege moja. Binti anaweza kufuata muhula wake ukiisha, viza yake ikiwa bado hai.