Ukipata skolashipu ya michezo, muulizie kwanza mshauri wa masomo

Kijana wa hapa Malindi akipata ofa ya skolashipu ya michezo Marekani, nyumba nzima huanza kuuliza. Kocha ni nani? Baridi yake vipi? Chakula cha halali kinapatikana? Tiketi ya ndege nani analipa? Ni maswali ya haki, na nyumbani kwetu yaliulizwa yote. Ambalo silisikii ni hili: mshauri wa masomo wa timu ni nani, na amebeba wanafunzi wangapi? Nilikimbia mita 800 kwa timu ya chuo huko hadi nikahitimu, na siku hizi wazazi wa Shela, Barani mpaka Watamu huniletea barua za ofa tuzisome pamoja. Ikiwa nina nafasi ya kusema nao jambo moja tu, huwa nasema hilo.

Vyuo vya daraja la kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu kule, vinalazimika kwa kanuni kuwapa wanamichezo ushauri wa masomo na walimu wa ziada. Basi utakuta ofisi nzima kwa kazi hiyo: washauri, vyumba vya kusomea, kompyuta, na daftari la mahudhurio kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, maana saa za kujisomea huwa za lazima. Wengi wetu wa Pwani tumelelewa tusisumbue watu, kwa hiyo mtoto anakaa na swali lake la kemia wiki tatu huku mwalimu wa ziada yuko mlango wa pili, amelipwa, anasubiri. Nenda. Nenda hata kabla hujakwama.

Wiki yenyewe ndiyo inayowashtua watu. Kanuni inasema mazoezi na mashindano yasizidi saa 20 kwa wiki wakati wa msimu, saa 4 kwa siku, na siku moja ya mapumziko. Lakini saa za safari hazimo katika hesabu hiyo, wala saa za kutibiwa misuli, na siku ya mashindano huandikwa saa 3 hata ikila kutwa nzima. Ukiondoka Alhamisi na basi la timu ukarudi Jumapili usiku, umekosa vipindi vya siku mbili na hakuna mahali palipoandikwa.

Hapo ndipo mshauri mzuri anapoonekana. Wangu alitukalisha wiki ya kwanza ya kila muhula, kila mmoja na silabasi zake zote mezani na kalamu mbili: nyekundu kwa tarehe za mitihani, buluu kwa tarehe za safari. Palipogongana rangi mbili, tuliandika jina la mhadhiri pembeni, na wiki hiyo hiyo ukampelekea barua ya safari iliyotiwa saini na idara ya michezo, ukamsalimu, ukamuuliza ni lini anapenda ufanye mtihani wake. Mhadhiri aliyeambiwa mapema Septemba huwa mtu mwingine kabisa na yule anayeambiwa usiku wa kuamkia safari. Mtihani wangu mmoja wa takwimu niliufanya katika chumba cha hoteli, mshauri ameketi kiti cha pili na saa mkononi, simu yangu iko mfukoni mwake. Asubuhi yake nikakimbia.

Sasa lile zito zaidi. Kustahiki kucheza na kuelekea kuhitimu ni hesabu mbili tofauti, na ofisi ya michezo kwanza huangalia ile ya kucheza. Katika daraja la kwanza, unatakiwa uwe na krediti 24, yaani vipimo vya masomo uliyofaulu, kabla ya mwaka wa pili. Kisha uwe umemaliza asilimia 40 ya shahada uliyoichagua kabla ya mwaka wa tatu, asilimia 60 kabla ya wa nne, na 80 kabla ya wa tano. Timu nayo hupewa alama: kila mchezaji mwenye skolashipu huiletea pointi akibaki na sifa za kucheza, na nyingine akibaki chuoni. Wastani wa timu ukishuka chini ya 930 kati ya 1000, inaweza kufungiwa mashindano ya mwisho wa msimu. Ndiyo maana watakupigia simu ukikosa kipindi kimoja. Wanakujali, na pia wanahesabu.

Mimi nilitaka biolojia. Maabara yake ilikuwa saa 8 mchana hadi saa 11 jioni, saa zile zile za mazoezi. Mtu mmoja ofisini akanishauri nihamie shahada nyingine ambayo, kwa maneno yake, wanamichezo huimaliza bila shida. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa analinda sifa zangu za kucheza. Nikaenda kwa mshauri wa idara ya biolojia yenyewe, mama wa makamo ambaye hakujua hata timu yetu inavaa rangi gani. Akafungua ratiba ya mwaka mzima, akanionyesha maabara hiyo hiyo inafundishwa asubuhi katika muhula wa pili, na nyingine ipo wakati wa kiangazi. Nikaomba skolashipu yangu ilipie masomo ya kiangazi, wakakubali. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba hilo linaombwa.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kwa kila somo unalopangiwa uliza mambo mawili: linanihesabia kucheza? Linanihesabia shahada yangu? Jibu la pili lipate kwa mshauri wa idara, kwa maandishi. Ukibadilisha shahada mwaka wa tatu, masomo mengi uliyofaulu yanaweza kuanguka nje ya zile asilimia, ukabaki na krediti tele zisizokufikisha popote.

Wanaodhani natia chumvi waangalie Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill. Ripoti ya uchunguzi ya mwaka 2014 ilieleza madarasa ya jina tu yaliyodumu miaka 18. Wanafunzi zaidi ya 3,000 walipitia humo, karibu nusu wakiwa wanamichezo, na baadhi ya washauri wa wanamichezo ndio waliokuwa wakiwaelekeza huko. Wachezaji walibaki na sifa za kucheza. Elimu waliyoahidiwa hawakuipata. Vivyo hivyo mwalimu wa ziada akijitolea kukuandikia insha, inuka uondoke. Kwa kosa hilo unaweza kupoteza msimu na nafasi ya chuo kwa pamoja.

Kwa sisi wenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi, kuna ofisi ya tatu, ya wanafunzi wa kigeni, na hii haina mchezo. Lazima usome angalau krediti 12 kila muhula, na katika hizo darasa la mtandaoni linalohesabiwa ni moja tu. Mshauri wa michezo anaweza kukwambia kwa moyo safi uache somo linalokushinda. Mwenzako Mmarekani akiacha, hana la kuogopa upande wa viza. Wewe ukishuka chini ya 12 bila idhini ya ofisi hiyo, hadhi ya viza yako imeharibika. Kabla ya kuacha somo lolote, pita kwao.

Ramadhani nayo isemee mapema. Ikiangukia msimu wa mbio za nje, funga yako inakutana na mazoezi, mitihani na safari vyote pamoja. Mshauri wangu ndiye aliyeniandikia kwa kocha na kwa jikoni: mazoezi mazito yakasogezwa baada ya futari, daku nikawa nafungiwa jioni kwenye kontena. Walikuwa tayari kabisa, ila walikuwa hawajui.

Na anayebaki nyumbani? Pwani University iko Kilifi, mwendo wa matatu, na wapo wachezaji wetu huko wanaokwenda michezo ya vyuo vikuu. Ofisi kama ile ya Marekani usiitarajie, lakini kazi yake unaweza kuigawa kwa watu: afisa wa michezo akupe barua kabla ya safari, nakala ipelekwe kwa mkuu wa idara na ipigwe muhuri, mwakilishi wa darasa akutumie maelezo ya vipindi. Ukikosa mtihani kwa ajili ya timu, omba mtihani maalum kwa maandishi na barua ikiwa mkononi. Bila karatasi unaweza kuandikwa kwamba hukufika tu, na hapo unatafuta sapu, mtihani wa marudio ambao hukustahili.

Tunampenda Sharon Lokedi, aliyepitia University of Kansas akaja kushinda marathoni ya New York mwaka 2022 na Boston mwaka 2025, na watoto wana haki ya kumtazama. Wengi tuliopitia njia hiyo hatukufika kwenye fedha za marathoni. Mimi nafanya kazi maabara, na kazi hiyo imetoka kwa yule mama wa idara ya biolojia.

Basi kocha akipiga simu ya video, mzazi akae hapo hapo. Mwombeni awaunganishe na mshauri wa masomo kabla ya saini yoyote. Muulizeni wachezaji wa timu hiyo wanasomea nini. Mkisikia wote wako shahada moja, ulizeni kwa nini. Skolashipu inalipa kiangazi? Mtoto akiumia na asikimbie tena, masomo yanaendelea kulipiwa, na limeandikwa wapi? Na nyinyi huku nyumbani, ripoti za shule za kuanzia kidato cha kwanza na cheti cha KCSE viwekeni pamoja kwenye bahasha moja, maana chuo na NCAA watataka kuyaona matokeo yake, na kutafuta ripoti ya kidato cha pili wiki ya mwisho ni mateso.