Ni vingamwili au kingamwili?

Msomaji wa Chumbageni hapahapa Tanga kaandika: "Shikamoo mwalimu. Mjomba wangu mikono imeisha nguvu na misuli inapungua, wamemtoa damu wanatafuta antibodi. Nikaandika kwenye grupu la familia 'vingamwili vya damu vitathibitisha kama mjomba ana ugonjwa wa niuroni za misuli', shangazi akaniuliza hicho Kiswahili gani. Nimekosea wapi?"

Marahaba mwanangu, Mungu amjalie mjomba nafuu. Shangazi yuko sahihi, ila hiyo vi- najua ulikoitoa, sikio letu likisikia ki- mwanzoni linakimbilia vi-, ndo maana kitabu tumekitoa kwa Waarabu na ki yake ni ya kwao kabisa lakini tukakipa vitabu na leo hakuna anayelalamika. Kinga hii lakini imetokana na kukinga, ki ni ya mzizi, haing'oki. Kwahiyo hiyo antibodi ni kingamwili hii, kingamwili hizi zimeonekana. Ukimwi wenyewe ukiurefusha ni Upungufu wa Kinga Mwilini, na hujawahi kusikia mtu anasema kinga chake kimeshuka.

Halafu vinga vipo kweli, tena vya jikoni! Kinga cha moto, vinga vya moto, vile vipande vya kuni vinavyowaka, ndo vya methali ya kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Sasa bibi wa Pangani aliyezeeka na mafiga ukimwambia mjomba ana vingamwili si atakimbilia ndoo ya maji 😄

Ukipenda antibodi, sawa tu, antibodi hii, antibodi hizi. Ila usiandike kinga ya mwili ukimaanisha hizo, kinga ya mwili ni ulinzi wote kwa ujumla, kingamwili ni aina moja tu ya protini za ulinzi huo.

Mi kinachonikera zaidi ni hilo vitathibitisha. Tumezoea kipimo cha VVU, kingamwili zikionekana mtu anapewa jibu, basi tunadhani kila ugonjwa uko hivyo. Huu wa niuroni, yaani seli za neva zinazoendesha misuli, hauna kingamwili ya kwenye damu inayotosha peke yake kuuthibitisha, daktari anamkagua mgonjwa, anapima umeme wa misuli na neva, anaondoa magonjwa mengine yanayofanana nao. Na mara nyingi kingamwili zinatafutwa kwa ajili ya hayo mengine, mfano zile zinazolenga GM1, aina ya mafuta ya kwenye neva, zinakutwa kwa baadhi ya watu wenye ugonjwa mwingine wa neva ambao nao unadhoofisha mikono, ila wenyewe una tiba, mtu anawekewa dripu ya imunoglobulini, yaani kingamwili zilizotolewa kwenye damu ya wachangiaji. Kuna pia niurofilamenti, inapanda kwenye damu neva zikiharibika, lakini hiyo ni protini ya neva yenyewe, usije ukaiita kingamwili.

Kwahiyo kitenzi chako kiwe kuashiria, au kusaidia kutofautisha. Grupuni andika: "Damu ya mjomba inapimwa kingamwili ili madaktari wajue kama ni ugonjwa wa niuroni au mwingine unaofanana nao." Shangazi hapo hana pa kukushika.