Gemu ni ya bure, ila kuna kitufe cha kuchangia: sauti za NC (leseni ya matumizi yasiyo ya kibiashara) zinaruhusiwa?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nasoma chuo hapa Mwanza, na pembeni natengeneza gemu ya mvuvi wa dagaa anayepambana na mawimbi usiku. Nimeiweka itch.io, tovuti ya kusambaza gemu, bure kabisa, ila nimeacha kitufe cha kuchangia kwa anayependa. Mpaka sasa nimepata dola 11. Sauti za mawimbi na injini nilizitoa Freesound, tovuti ya kupakua sauti, zina leseni ya Creative Commons iitwayo CC BY-NC (utaje jina la mwenye kazi, usiitumie kibiashara). Muziki wa mwanzo, unaopigwa kwenye kivideo cha mtumbwi ukitoka ufukweni, ni BY-NC-ND. Rafiki yangu anasema hakuna shida kwa sababu siuzi. Mwingine anasema nitashtakiwa. Nani yuko sahihi?

Jibu: Ndugu yangu, hakuna aliye sahihi. Wa kushtakiwa anakutisha tu. Wa "siuzi" ndiye atakayekuponza, maana leseni haizungumzii kuuza peke yake.

Toleo la 4.0 la leseni hizi, lililotoka mwaka 2013, linasema matumizi yasiyo ya kibiashara ni yale ambayo hayakukusudiwa hasa kuleta faida ya kibiashara au malipo ya fedha. Kinachopimwa ni matumizi, si mtu. Kanisa likitia wimbo wa NC kwenye DVD ya kuuza ili lipate mabati, hiyo ni biashara, hata kama mchungaji hali shilingi. Wewe kuwa mwanafunzi usiye na kampuni hakukukingi. Ila lile neno "hasa" linakuachia upenyo, na ubishi wote wa michango umo humo.

Sasa fungua ukurasa wa gemu yako kama mgeni, ubonyeze kupakua. Linatokea dirisha la kuomba hela, lina kiasi kilichopendekezwa, na mtu asiyetaka kutoa inabidi atafute mstari wa "hapana asante, nipeleke kwenye faili". Anayelipa pale anaamini analipia nini? Analipia gemu, na mawimbi ya mtu mwingine yamo ndani yake. Ingekuwa kiungo cha Ko-fi (tovuti ya kupokea michango) kwenye wasifu wako, kilichoandikwa "nisaidie bando", ningekutetea kwa moyo mkunjufu zaidi, kwa sababu pale anasaidiwa mtu na faili halihusiki. Na ukianza kuwapa wachangiaji hatua ya ziada au toleo la mapema, usijidanganye, hiyo ni bei tu hata ukiiita mchango. Matangazo ndani ya gemu nayo ni hivyo hivyo.

Mpaka halisi uko wapi? Hata mahakimu wamepishana. Ujerumani, redio ya umma Deutschlandradio iliweka picha ya NC kwenye tovuti yake, bila tangazo wala malipo. Machi 2014 mahakama ya Cologne ikasema NC ni kwa matumizi binafsi tu, kwa hiyo redio imekosea. Oktoba mwaka huo huo mahakama ya rufaa ikalikataa hilo. Lakini redio haikutoka salama: walikuwa wameikata picha, na jina la mpigaji likaenda na ukingo. Watu walibishana kuhusu biashara, kosa likaonekana kwenye jina.

Kwa hiyo usikae kuisubiri tafsiri. Kwenye mipangilio ya bei ya itch.io kuna machaguo matatu: bure au changia, ya kulipia, na bila malipo kabisa. Weka la tatu leo kabla hujalala, kisha ushughulike na sauti kwa utulivu.

Muziki ndio ulionishtua zaidi, na hukuuliza. ND maana yake huruhusiwi kusambaza kazi iliyobadilishwa, na leseni inataja wazi kwamba muziki ukioanishwa na picha zinazotembea tayari umebadilishwa. Kile kivideo cha mtumbwi kinavunja leseni hata ungekuwa hujapata senti moja, na kuondoa kitufe hakukitibu. Utoe muziki huo, au upate ruhusa ya mwenyewe.

Ruhusa hupatikana kuliko unavyodhani. NC ni ruhusa ya wote, haimzuii mwenye kazi kukupa wewe ruhusa pana zaidi. Katika gemu yangu ya kwanza nilimwandikia mwenye sauti ya mvua, akajibu kesho yake kwa mistari miwili. Mwingine hajajibu mpaka leo. Kimya si ruhusa, sauti yake niliitoa. Andika kwa ufupi, bila kuficha kitu: "Ninatengeneza gemu ya bure iitwayo hivi. Wachezaji wanaweza kuchangia kwa hiari, na huenda baadaye nikaiuza. Naomba kutumia sauti yako hii katika hali zote mbili, na jina lako litaonekana kwenye orodha ya watengenezaji." Hicho kipande cha kuuza kiweke sasa. Kurudi baada ya mwaka kuomba tena ni aibu, na huenda barua pepe yake imeshakufa. Jibu likija, lihifadhi kwenye folda ya gemu.

Njia nyepesi ni kubadilisha. Kwenye Freesound chuja kwa leseni, uchague CC0 (huru, bila masharti), au CC BY ukiwa tayari kutaja majina. OpenGameArt, tovuti ya picha na sauti za gemu, hawapokei kabisa kazi za NC, na picha za Kenney, mtengenezaji wa vifaa vya gemu, ni CC0. Ila wewe uko Mwanza, bwana! Nenda Kirumba mwaloni asubuhi upepo haujaanza, muombe mwenye mtumbwi akuwashie injini, ivishe simu soksi safi kwenye kipaza sauti, urekodi dakika tano. Ukizicheza mara ya kwanza utajua kwamba ile injini ya Freesound haikuwahi kufanana na ya ziwani.

Kila sauti itakayobaki, iandikie mstari kwenye faili moja la maandishi: jina la kazi, mwenye kazi, kiungo, leseni na toleo lake, tarehe uliyopakua. Toleo usilipuuze. Chini ya 4.0, ukirekebisha kosa ndani ya siku 30 tangu uligundue, haki zako zinarudi zenyewe. Kwenye 3.0 na ya nyuma yake hakuna kipengele hicho: ukivunja, leseni imekufa kwako mpaka mwenyewe akusamehe. Sauti nyingi za zamani za Freesound ni 3.0. Kazitazame zako, na ukikuta namba hiyo usingoje wikiendi.