Vijana wa Hass, someni kwanza habari ya kiwi

Juzi nimekuta tena krete zimejaa ovakado aina ya Hass zinazong'aa kama zimepakwa mafuta, yaani hazijakomaa, vikonyo vimeng'olewa kwa mkono, halafu kijana ananiambia, "Boss, broka anasubiri." Nawapenda sana nyie, lakini hili limenichosha, kwa hiyo naandika.

1. Tunda la kigeni kuota kwako bado sio biashara. Kiwi asili yake ni China. Mwaka 1904 mwalimu mkuu Isabel Fraser alirudi New Zealand na mbegu kutoka Yichang, Alexander Allison akapanda, 1910 mimea ikazaa. Mzigo wa kwanza kwenda Uingereza ni 1952! Katikati hapo watu walikuwa wanachagua tu, mpaka Hayward Wright, mtu wa kitalu kule Auckland, akapata aina yenye tunda kubwa, tamu, na linalokaa kwenye baridi miezi kadhaa bila kuoza. Wengi husema jina jipya la 1959, "kiwifruit", ndilo lililouza, mimi nasema ni kule kukaa, maana jina zuri haliwezi kuokoa tunda lililooza njiani.

2. Msipande mbegu ya Hass mliyookota sokoni, itaota ovakado ndio ila haitakuwa Hass. Mti wa Rudolph Hass kule California, aliopatia hataza 1935, ndio mama wa Hass zote, na zote zimetokana nao kwa kubebesha, yaani kuunganisha kijiti chake kwenye shina la mti mwingine. Na muweke Fuerte kidogo katikati, uchavushaji utakuwa mzuri.

3. Kukomaa. Hapa nisikilizeni vizuri.

Kuna kundi la wakulima wa Uganda nililokuwa nalifundisha, watu wazuri, wachapakazi, shamba safi. Msimu ulipokaribia akaja mnunuzi na pesa mkononi, bei ya juu kwa sababu Ulaya ovakado zilikuwa chache, nao wakaona ya nini kusubiri wakati ada za watoto zimefika. Hakuna aliyepima. Ukipasua tunda lile ungeona ganda la mbegu bado nene, jeupe, limejaa maji, wakati lililokomaa ganda lake huwa jembamba, la kahawia, kavu kama karatasi. Wakachuma, wakapakia, lori likapita mpakani Malaba mpaka Mombasa, kontena likapanda meli, baridi safi njia nzima, yaani karatasi zote ziko sawa. Kule Ulaya likafunguliwa, matunda bado magumu. Wakayaweka kwenye joto yaive, yakakunjamana ngozi na ndani yakawa kama mpira, hayana mafuta, hayana ladha. Mzigo wote ukakataliwa. Mnunuzi akakata simu, salio halikulipwa, na mama mmoja aliyekuwa ameahidi shule atalipa ikabidi auze mbuzi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mnunuzi wa kule hakusema shamba la fulani, alisema Uganda, na msimu uliofuata hata wale waliochuma vizuri walikuwa wanaulizwa maswali yasiyoisha.

Kupima ni kitu kidogo jamani! Chukua matunda ya miti tofauti, kwangua nyama, pima uzito, kausha kwenye maikrowevu polepole mpaka uzito usishuke tena, piga hesabu kilichobaki ni asilimia ngapi ya uzito wa mwanzo. UNECE, tume ya Umoja wa Mataifa inayoweka viwango vya matunda, wanataka Hass iwe na angalau asilimia 21, Kenya wanadai 24, nyie shikeni 24. New Zealand nao hawachumi kiwi kwa macho, wanapima sukari kwanza, na kwa miaka mingi kiwi ile ya Hayward ilisubiriwa ifike 6.2 Brix (kipimo cha sukari kwenye maji ya tunda) ndio wachume.

4. Kata kwa mkasi, acha kikonyo kifupi. Usichume ikiwa na unyevu. Krete isikae juani.

5. Mikasi isafishwe kabla ya kuingia shamba lingine, na vijiti vya kubebesha msiombe kwa kila jirani. Mwaka 2010 bakteria wa Psa, anayeua mimea ya kiwi, aliingia Te Puke, kwenye moyo wenyewe wa kiwi ya New Zealand, akamaliza mashamba mengi ya kiwi ya dhahabu aina ya Hort16A, wakulima wakakata mimea yao kwa mikono yao. Kilichowaokoa ni kwamba walikuwa na aina nyingine, Gold3, iliyovumilia zaidi ugonjwa, wakabebesha upya juu ya mashina. Sisi tumeegemea Hass, Fuerte ni chache tu za kuchavusha, na aina ya akiba hatuna, kwa hiyo anayeingia shambani kwangu na mkasi mchafu namrudisha getini, hata akiwa mjomba.