Nyigu aliyemvuta mende kwa sharubu

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita mliuliza: "Kati ya viumbe wanaosimuliwa katika hadithi na sinema, ni yupi unayeamini kwamba yupo kweli?" Nilianza kuandika jibu la neno moja: hakuna. Kisha nikashindwa kuishia hapo, maana swali lenu limenitonesha kidonda nilichodhani kimepona zamani.

Kwanza nieleze kwa nini nilisema hakuna. Mnyama wa Loch Ness, lile ziwa la Uskoti, ndiye anayetajwa kuliko wote. Ile picha yake ya shingo ndefu iliyochomoza majini ilitoka gazetini mwaka 1934, na watu wakabishana juu yake miaka 60. Mwaka 1994 ikabainika kuwa shingo yenyewe ilifinyangwa kwa mikono na kupachikwa juu ya nyambizi ya kuchezea watoto. Halafu mwaka 2018 wanasayansi wakiongozwa na Neil Gemmell wakachota maji ya ziwa lile kila upande na kutafuta DNA, kwa kuwa kila kiumbe anayeishi majini huacha chembe zake humo. Walikuta mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, kwa wingi. Mjusi mkubwa hawakumkuta. Mtu akiniambia bado yumo, mimi nanyamaza tu.

Lakini swali ambalo mngetuuliza, kwa maoni yangu, ni hili: mtu akija mbio akisema ameona jambo la ajabu, huwa tunamfanyia nini? Nalijua jibu lake, kwa sababu yalinikuta.

Nilikuwa na miaka tisa. Ilikuwa mchana wa jua kali, wakubwa wamejilaza, mimi nimekaa sakafuni karibu na mlango wa nyuma. Mende mkubwa wa kahawia alikuwa anapita kando ya ukuta, ila mwendo wake haukuwa wa mende. Mende sote tunamjua, ukimtazama tu kashapotea. Huyu alikwenda taratibu, hatua kwa hatua, kama mzee anayeshikwa mkono kuvushwa barabara. Nikainama nimtazame vizuri. Mbele yake alikuwapo nyigu, mdogo kuliko yeye, wa kijani kinachong'aa kama chuma kilichosuguliwa, mapaja yake ya nyuma mekundu. Sharubu zote mbili za mende zilikuwa zimekatwa, vimebaki vigutu. Nyigu alikuwa ameng'ata kigutu kimoja, anarudi kinyumenyume, na mende anamfuata. Wala hakuwa anaburutwa. Alikuwa anatembea mwenyewe kwa miguu yake sita, kama ng'ombe anayemfuata mwenye kamba.

Walisimama mara mbili. Mara ya kwanza nyigu alimwacha, akaenda mbele kidogo, akarudi. Mende hakuondoka. Hilo ndilo lililonisisimua mwili, maana ukuta ulikuwa wazi, giza la chini ya kabati lilikuwa hatua chache tu, na yeye akasimama pale pale akimsubiri.

Walipofika kwenye ufa chini ya kizingiti, nyigu akatangulia kuingia, mende akaingia nyuma yake. Wakakaa humo kitambo. Kisha nyigu akatoka peke yake, akaanza kuokota vijiwe, vijiti, punje za uchafu, akavipachika mdomoni mwa ufa kimoja kimoja mpaka ukaziba. Akajipangusa uso kwa miguu ya mbele, akaruka zake.

Nilimwamsha kaka yangu. Alikuja anapikicha macho, akaona takataka chini ya kizingiti, akaniuliza: "Sasa mende yuko wapi?" Jioni nikasimulia mbele ya watu wote. Walicheka mpaka machozi. Mama hakucheka. Aliniambia kwa upole, "Mwanangu, uongo huanza hivihivi." Maneno yake yaliniuma kuliko kicheko cha wote. Kaka aliniita "mchunga mende" kwa miezi mingi, nami nikajifunza kunyamaza. Hata nilipokuja kuona mambo mengine nikiwa porini au ufukweni, niliyaweka moyoni.

Kwa nini sikuubomoa ule ufa? Nimejiuliza mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Ushahidi wangu wote ulikuwa nyuma ya vijiwe vile, na kijiti kimoja kingetosha. Niliogopa. Nilihisi mle ndani kuna jambo lisilonihusu.

Nilikuwa mtu mzima, nina watoto, nilipomsoma nyigu yule kitabuni kwa mara ya kwanza. Anaitwa Ampulex compressa. Kila nilichokiona kilikuwamo, hata yale mapaja mekundu. Humchoma mende mara mbili. Mara ya kwanza humchoma kifuani, miguu ya mbele ikafa ganzi kwa dakika chache, ili atulie. Mara ya pili mwiba unapita shingoni na kuingia kichwani, ndani ya ubongo wenyewe. Mwanasayansi Frederic Libersat na wenzake huko Israeli walilithibitisha hilo mwaka 2003: waliwadunga nyigu kemikali zenye mionzi ili sumu yao iwe na alama, kisha wakatazama ilikofikia ndani ya mende, wakaikuta kwenye ubongo. Baada ya hapo mende hakosi nguvu. Ukimgeuza chali atajigeuza. Kilichoondoka ni ule msukumo wa kuanza safari mwenyewe. Nyigu humkata sharubu, hunywa maji yanayotoka humo, kisha humwongoza hadi shimoni na kutaga yai moja mguuni mwake. Funza akianguliwa, humla mende angali hai, kwanza kwa nje, kisha akiwa ndani, na huko ndani ndiko anakogeuka nyigu.

Sinema za maiti wanaotembea nimezitazama nyingi, nikianzia na ile nyeusi na nyeupe ya George Romero ya mwaka 1968, ambayo watu hawajaichoka mpaka leo. Nazipenda kwa dhati. Ila katika sinema hizo maiti hutembea ili ale. Hakuna mtunzi niliyemwona akathubutu kumtengeneza anayetembea kwa utulivu kwenda kuliwa. Na mimi nilimwona nikiwa na miaka tisa, kandokando ya ukuta.

Hapa ndipo lile jibu langu la mwanzo linapoanza kunitoka mkononi. Nilipokuwa naandika habari za Loch Ness nilijisikia nikicheka kile kicheko cha kaka. Ngozi ya kinyamadege, yule mnyama wa Australia mwenye mdomo wa bata, ilipofikishwa Uingereza, George Shaw aliyemwandika mwaka 1799 alishuku kwamba kuna fundi aliyeshona mdomo wa bata kwenye mwili wa mnyama. Alikuwa mtaalamu, na shaka yake ilikuwa ya haki. Lakini mnyama alikuwapo.

Au mchukueni Georg Steller, mwanasayansi aliyekuwa safarini na mabaharia. Mwaka 1741 meli yao ilikwama kwenye kisiwa cha Bahari ya Bering, na huko akamwona nguva mkubwa ajabu, wa zaidi ya mita saba, asiye na meno, akila mwani karibu na ufuo. Hakuna mwanasayansi mwingine aliyemwona akiwa hai. Kufikia mwaka 1768 wawindaji walikuwa wamewamaliza. Miaka 27 tu! Isingekuwa mifupa iliyosalia, leo Steller angekuwa baharia mmoja aliyekaa baridini muda mrefu mno akaota ng'ombe wa baharini. Sisi nasi tungemcheka.

Hata nguva, mwanamke-samaki wa hadithi, naye ana pa kuanzia. Christopher Columbus aliandika Januari 1493 kwamba amewaona watatu, na kwamba hawakuwa wazuri kama wanavyochorwa. Inaelekea aliwaona jamaa wa nguva, wale wenye mkia wa duara. Kiswahili hakikuhangaika hata kidogo: mnyama ni nguva, na yule wa hadithi ni nguva. Mnyama huyo ana matiti karibu na kwapa na humnyonyesha mtoto wake majini. Mtu aliyeyaona hayo jioni, kwa mbali, hakusema uongo. Alikosea jina tu.

Basi jibu langu liandikeni hivi. Ziwani, hapana, DNA imeshasema. Jitu la manyoya la milimani nalo hapana, mpaka mtu alete mfupa mmoja. Lakini chini kabisa baharini naamini yupo mkubwa ambaye hatujampa jina, na siamini kwa ushabiki. Mabaharia walisimulia juu ya ngisi mkubwa kwa karne nyingi, lakini picha ya kwanza ya ngisi huyo akiwa hai kilindini, ile ya Tsunemi Kubodera na mwenzake Kyoichi Mori, ilipigwa mwaka 2004. Akitokea mvuvi akasema ameona, nitamwomba anionyeshe, ila sitamcheka kabla hajamaliza.

Ukurasa ule wa kitabu nilimsomea mama kwa simu, wote, pole pole. Alinyamaza muda mrefu. Hakuniuliza kama ni kweli. Aliuliza, "Na yule mende, alikuwa anaumia?"